Waya wa Kioo Chini ya Zege la Clem

28 Novemba

Mvua ya kwanza ya maana, na intaneti imekatika kabla sijamaliza chai. Shajara hii naianza kwa hasira na sitajifanya ni kwa sababu nyingine.

Saskia, bosi wangu wa Sydney, kanipigia kwa ile sauti yake ya kubembelezea watoto. "Del, mpenzi, msimu wa mvua uliopita ulitutesa. Mwaka huu laini yako ikikatika kwenye matangazo makubwa, zamu zako nitampa mtu mwingine. Si mimi, ni kituo."

Si yeye, ni kituo. Sawa.

Kazi yangu ni kuwaandikia wasiosikia. Wanaotazama taarifa ya habari wakasoma maneno chini ya picha, maneno yale ni mimi. Navaa vipokea sauti, namsikiliza mtangazaji, narudia kila anachosema kwa sauti bapa isiyo na raha wala karaha, natamka na "koma" na "nukta", kompyuta inageuza sauti yangu kuwa maandishi, inayasukuma mpaka Sydney, na Sydney inayarusha Queensland nzima. Yote hayo nayafanya chumbani kwangu hapa Innisfail, nimevaa kaptura, miguu mitupu. Nina miaka hamsini na nane, sina mume, sina mtoto, na hakuna kazi nyingine ninayoijua. Laini ikifa, na mimi nimekwisha.

29 Novemba

Nimeshikilia simu ya huduma kwa wateja mpaka sikio likawaka moto. Mwishowe kijana mmoja: "Mama, hapa inaonyesha tayari una faiba."

"Iko wapi?"

"Kwenye anwani yako."

"Mwanangu, kwenye anwani yangu kuna waya wa shaba uliofukiwa mama yangu akiwa bado msichana."

"Ni faiba mpaka kwenye kabati, mama."

"Kabati lipi? Langu la nguo?"

Akacheka. Mimi sikucheka.

3 Desemba

Leo wamemtuma fundi. Anaitwa Gurdeep, ana kilemba cha rangi ya machungwa na buti zenye matope ya mitaa yote ya mji. Yeye angalau hakuniongopea. Alichora kwa kidole kwenye vumbi la gari lake.

"Sikiliza dada. Wote wanaiita faiba, yaani waya wa kioo, lakini inategemea kioo kinaishia wapi. Kwenu kinaishia kwenye lile kabati la kijani kona ya kituo cha mafuta. Kutoka pale mpaka kwako ni shaba, na shaba inapita kwenye mashimo yaliyojaa maji. Ng'ambo ya mto kioo kinafika kwenye shimo la mbele ya geti, shaba inavuka bustani tu. Ule mtaa mpya wa mlimani kioo kinaingia mpaka ukutani, shaba hamna hata kidogo. Wale mvua inyeshe isinyeshe, hawana habari."

"Na mimi nikitaka mpaka ukutani?"

"Mtaa wenu umeruhusiwa tangu mwezi uliopita. Bure kabisa, ukichukua kifurushi kikubwa."

Nusura nimkumbatie. Halafu akaingiza waya wake wa kupimia kwenye bomba la chini ya njia ya gari, waya ukaenda, ukaenda, ukagota. Akarudia. Ukagota palepale.

"Bomba limebondwa," akasema. "Nani alimwaga zege hili?"

Nilijua jibu.

4 Desemba

Clem Haddow. Jirani yangu wa mbele. Viwanja vyetu vilikuwa kimoja kikakatwa viwili: yeye yuko barabarani, mimi niko nyuma yake, na njia ya gari ni moja, mali yetu sote wawili. Miaka mitano iliyopita, mimi nikiwa Brisbane kumzika kaka yangu, alileta lori la zege akalimwaga njia nzima na kuipiga chapa ifanane na mawe ya mtoni. Kila Jumamosi anaiosha kwa mashine ya maji. Paka akikatiza pale, anamfokea. Mimi nikipitisha pipa la taka, anatoka barazani kuangalia kama magurudumu yameacha alama.

Nimemwomba kwa adabu tukate mfereji, upana wa kiganja, kioo kipite, kisha turudishie.

"Thubutu," akasema, akafunga mlango.

14 Desemba

Mkutano wa umoja wa wamiliki. Umoja wenyewe ni nyumba mbili, lakini sheria ya Queensland inasema mali ya pamoja haiguswi bila kikao, kwa hiyo kila mwaka tunakaa chini ya kibanda cha gari lake, meza ya kukunja katikati, mwenyekiti Clem, katibu mimi. Kila nyumba kura moja. Wao ni wawili kwenye hati, kwa hiyo Clem aliweka utaratibu zamani: anayekalia kiti ndiye anayepiga kura ya nyumba. Kiti anakikalia yeye siku zote.

Una, mkewe, alileta chai na keki za nazi. Una hasikii. Masikio yake aliyaacha kwenye mitambo ya kiwanda cha sukari, na vifaa vya daktari havikumsaidia. Alisimama kidogo akitutazama midomo.

"Mnasema nini?"

"Si kitu, mpenzi," Clem akampungia mkono.

Akarudi ndani.

"Hoja ya katibu," Clem akasema, kana kwamba kuna ukumbi mzima nyuma yangu. "Wanaoafiki?"

Nikanyoosha mkono.

"Wanaopinga?" Akanyoosha wake. "Sare. Hoja imekufa."

"Clem, na waya wa juu? Kutoka kwenye nguzo?"

"Upite juu ya paa langu? Ng'o."

"Wewe mwenyewe watakuwekea bure, mpaka ukutani. Hata chepe hawatashika, wewe uko mbele."

"Shaba yangu inanitosha. Simu inalia, napokea, basi. Na nikuambie kitu kingine, Delfina. Usiku na mchana unaongea peke yako huko nyuma. Koma, nukta, koma, nukta. Jamaa wa klabu wameniuliza kama nikuitie daktari."

Nilimkata jicho nikaondoka na keki yangu mkononi. Sikumweleza kazi yangu. Miaka sita hajawahi kuuliza, na mimi sijioni nikibisha hodi kujitambulisha kwa mtu anayeninusa kama samaki aliyeoza.

25 Desemba

Krismasi. Nimekula kamba wa baridi, peke yangu. Clem amewasha redio kwa makusudi.

6 Januari

Mvua. Viatu vyangu vya ngozi vimeota ukungu kama jibini.

7 Januari

Mvua. Laini imekatika katikati ya kriketi. Saskia kasema kriketi si kitu kikubwa. Waambie hao wanaoipenda.

9 Januari

Nimeuliza njia nyingine zote. Setilaiti: Saskia kakataa, maneno yanachelewa mpaka mtangazaji keshahamia habari nyingine. Intaneti ya simu: mnara uko nyuma ya kilima, nyumbani kwangu napata mstari mmoja, nao mvua ikinyesha unalala. Ofisi ya migogoro ya wamiliki huko Brisbane: wamenijibu vizuri sana kwamba zamu yangu itafika katikati ya mwaka. Katikati ya mwaka nitakuwa napanga ndizi sokoni.

18 Januari

Clem ameegesha tela la boti lake katikati ya njia ya pamoja. Nimepiga honi mpaka mtaa mzima ukatoka. Alikuja kulisogeza taratibu, anatafuna mkate, kaptura imemshuka, macho ya bluu hayana haya.

"Haraka ya kwenda wapi? Kuongea peke yako?"

"Mungu akuone, Clem."

"Ananiona. Na zege langu analiona pia."

Nilifika dukani nimesahau nilichokwenda kununua. Nimenunua chumvi, na chumvi ninayo.

30 Januari

Siku nzima chura wamejaa kwenye ngazi. Laini imeshika. Sijui kwa nini naogopa zaidi ikishika.

11 Februari

Naandika sasa hivi, kabla sijapoa.

Tangu juzi walikuwa wanatangaza kimbunga kule baharini. Leo mchana kituo kikakatiza vipindi kurusha mkutano wa mkuu wa huduma za dharura, na zamu ilikuwa yangu. Saskia alininong'oneza masikioni: "Hiki ndicho kikubwa, Del." Mvua ilikuwa inapiga bati hata sijisikii mwenyewe, ila ndani ya vipokea sauti nilimsikia mkuu vizuri. Nikaanza. "Kimbunga kitavuka pwani jioni hii koma kusini mwa Innisfail nukta. Wakazi wa maeneo ya chini kando ya mto..."

Taa ya modemu ikawa nyekundu.

Niliendelea kusema. Mdomo haukusimama, maneno yakaendelea kujipanga kwenye kompyuta yangu mpaka mwisho, ila hayakutoka nyumbani. Nilizima modemu, nikawasha. Nyekundu. Nikapiga ngumi meza. Nikatukana kwa Kiitaliano cha bibi yangu, maneno ambayo sijui hata maana yake. Kilomita zote hizi za kioo wamelaza chini ya bahari na majangwa, halafu mwisho wake ni waya wa kuoza ndani ya shimo la maji, na mzee mmoja amelikalia bomba kwa ajili ya urembo wa njia ya gari!

Ndipo mlango ukagongwa kama unavunjwa. Una. Koti la mvua amelivaa nje ndani, nywele zimelowa, na Clem nyuma yake anamvuta mkono.

"Maneno yamekatika!" Una anapaza sauti sana, hajipimi. "Kwenye televisheni! Wamesema wakazi wa maeneo ya chini kando ya mto, halafu patupu! Namuuliza Clem wamesema nini, ananiambia si kitu! Wewe una televisheni? Wamesema nini?"

"Una, twende nyumbani," Clem akasema. "Msamehe, Delfina. Ana wasiwasi tu."

Nilimshika Una mkono nikampeleka chumbani, nikamkalisha kwenye kiti changu. Kwenye kompyuta sentensi ilikuwa palepale, na mwisho wake. Akasoma, midomo ikicheza. Wakazi wa maeneo ya chini kando ya mto, koma, pamoja na mitaa iliyo chini ya daraja, koma, waondoke kabla ya jioni, nukta. Mtaa wetu uko chini ya daraja.

Alisoma mara mbili. Akaangalia kinasa sauti. Akaangalia vipokea sauti shingoni mwangu.

"Ni wewe?"

Nikatikisa kichwa kukubali.

"Miaka yote hii? Maneno ya habari ni wewe?"

"Ni mimi."

Akageuka kumtazama mumewe. Clem alisimama mlangoni, maji yanamchuruzika. Akajifuta uso kwa kiganja.

"Sikutaka uhangaike, mpenzi. Mtaa huu haujawahi kuingiwa na maji."

"Sijui unasema nini, Clem," Una akamwambia. "Nimechoka kukutazama mdomo."

Tuliondoka wote watatu kwa gari moja, gari langu, mpaka ukumbi wa shule.

13 Februari

Kimbunga kimepita mbali kuliko walivyodhani. Maji yalifika ngazi ya pili ya Clem yakarudi. Zege lake halina hata ufa, na linanitazama kwa kiburi kilekile.

Saskia kaniondoa kwenye matangazo ya moja kwa moja. Nimemsikia akilia, au akijifanya. "Wamepokea malalamiko, Del. Watu walikuwa hatarini." Najua watu walikuwa hatarini. Mmoja alikuja mlangoni kwangu. Amenipa mwanya mmoja: nikipata kioo mpaka ukutani kabla ya katikati ya Machi, nitapewa taarifa moja ya habari ya majaribio. Nikiiharibu, tunaagana.

20 Februari

Nimeitisha kikao cha dharura, ninayo haki hiyo. Nilikwenda nimeukaza uso, hoja nimeichapa. Chini ya kibanda cha gari kiti cha Haddow kilikuwa kimekaliwa tayari. Una, amevaa gauni la kanisani, mkoba mapajani.

Clem alikuwa amesimama mbele yake, masikio mekundu.

"Una, toka kitini."

"Sikusikii, Clem."

"Umenisikia!"

"Sikusikii," Una akasema, macho ameyafumba.

Nikaisoma hoja kwa sauti, kisha nikamgusa bega, akafumbua macho nikampa karatasi asome mwenyewe. Hakuisoma. Alinyoosha mkono juu, akaushikilia huko mpaka nikaona unamchosha.

"Wanaoafiki, wote," nikasema. "Imepita."

"Nyie wanawake wawili," Clem akasema taratibu, "mtanikumbuka." Akaingia ndani. Tulisikia milango ikibamizwa mmoja mmoja mpaka chooni.

3 Machi

Wamekata. Gurdeep na mwenzake walileta msumeno wa zege, vumbi jeupe likatapakaa mpaka kwenye migomba. Clem alisimama na mwavuli mwanzo mpaka mwisho, kama mtu aliye mazikoni.

"Mzee, tutaziba vizuri, hutajua," Gurdeep akamwambia.

"Nitajua."

Gurdeep alinionyesha waya wenyewe kabla ya kuupitisha. Ukiuvua ganda, kinachobaki ni chembamba kuliko unywele. Nimegombana msimu mzima kwa ajili ya kitu ambacho kikidondoka kwenye zulia sitakiona tena. Jioni kisanduku cheupe kilikuwa ukutani kwangu na taa zote za kijani. Mvua ikapiga. Taa hazikupepesa. Nimekaa sakafuni nikazitazama, nikacheka peke yangu, na kama Clem alinisikia, poa tu.

9 Machi

Una anakuja kwangu sasa. Anapita juu ya kovu la zege bila kuliangalia. Tunaweka kinasa sauti katikati ya meza, mimi nasema, yeye anasoma kwenye kompyuta na kunijibu. Ana mdomo mchafu kuliko nilivyodhani. Anamwita Clem "yule fahali mzee".

Leo kaniambia na yeye anataka kioo mpaka ukutani kwake. Kuna simu inayoandika maneno ya anayepiga, ameiona kwenye tangazo, inataka intaneti isiyokatika. Binti yao, Corinne, anaishi Perth. Anapiga kila Jumapili na simu anapokea Clem.

"Wanaongea mpaka chai inapoa. Nikimuuliza kasema nini, ananiambia 'anakusalimia'. Salamu gani hiyo ya muda wote huo, Del?"

Clem amekataa. Simu iliyopo inatosha, kasema.

14 Machi

Sijui nianzie wapi. Taarifa ya jioni, ile ya majaribio. Nilioga. Nilivaa blauzi, kwa kazi ambayo hakuna anayeniona. Saskia akasema, "Uko safi kama maji, Del, hakuna hata mkwaruzo." Nikaanza, na nilikuwa vizuri. Najua nikiwa vizuri: simsikii mtangazaji wala sijisikii mwenyewe, maneno yanaingia yanatoka. Bei ya miwa. Barabara ya Tully kufunguliwa. Kupitia dirishani, sebuleni kwa Haddow, televisheni ilikuwa inawaka, na kichwa cha Una kimeinama mbele, kinanisoma.

Ndipo Clem akaja dirishani kwangu. Maji yalikuwa yameingia kibandani kwake kwa kufuata ule mfereji, na alikuwa na hasira ya mvua yote ya mwaka.

"Umeridhika?" Alipiga kioo cha dirisha kwa kiganja. "Nyumba yangu ilikuwa na amani! Sasa mke wangu anataka simu ya maandishi! Anataka kuongea na Corinne! Unajua Corinne ana nini? Amelazwa tangu Oktoba, na kila Jumapili ananiambia, Baba, nipe Mama, nataka nimwambie mwenyewe. Nimpe vipi? Namwambia amelala! Kila Jumapili Mama amelala! Unataka nifanye nini, nimwache mama yake asome kitu kama hicho kwenye kijidude?"

Kwenye masikio yangu mtangazaji alikuwa anasoma hali ya hewa. Mvua za hapa na pale pwani ya kaskazini koma, upepo wa wastani. Kazi hii ina sheria moja tu, ya siku ya kwanza: andika kinachosemwa hewani, basi. Naijua kuliko jina langu. Ningeweza kumaliza taarifa, kuvua vipokea sauti, kushuka njia ya gari na kumwambia Una ana kwa ana. Ilibaki robo saa. Nilimwangalia Clem nyuma ya kioo, mdomo wake ukiendelea, mtu aliyejipa kazi ya kuwa mlango na kila siku akaufunga. Sikungoja.

Nikasema kwa sauti ileile bapa: "Una Haddow koma, Corinne hajawahi kusema anakusalimia nukta. Anataka kuongea na wewe nukta. Kila Jumapili anaambiwa umelala nukta."

Ugonjwa sikuutaja. Huo ni wa Corinne kuusema.

Maneno yakaondoka kwangu, yakapita chini ya zege la Clem, yakaenda Sydney, yakarudi. Niliona kichwa cha Una kikiinuka. Clem aliona ninakotazama, akageuka. Una alikuwa amesimama katikati ya sebule yake, mkono mdomoni, na chini ya ramani ya mvua jina lake lilikuwa bado linasomeka Queensland nzima.

"Del," Saskia alisema masikioni. "Del, umefanya nini?"

Nilimalizia hali ya hewa. Nilimalizia na michezo. Hakuna neno lililokatika.

15 Machi

Wamenifukuza. Saskia hakulia safari hii. Kasema hakuna kituo nchini kitakachonipa kinasa sauti tena, na namwamini. Msimu mzima nimepigania laini isiyokatika, nimeipata, na siku ya kwanza nimeitumia kujifukuzisha kazi. Nimeitafuta toba ndani yangu, leo asubuhi na tena mchana. Naona woga mwingi. Toba sijaiona.

Clem amekaa ndani ya pikapu yake tangu asubuhi, vioo amevipandisha, hajaiwasha. Nilipotoa pipa la taka hakuinua hata macho.

16 Machi

Jumapili. Mvua nyepesi.

Una amekuja mapema, gauni lilelile la kanisani. Amelala chumba cha wageni kwao siku mbili na hajamwambia mumewe neno. Hakunishukuru wala sikutaka anishukuru. Akaweka karatasi yenye namba mezani, namba ya Perth, akasogeza kiti mbele ya kompyuta.

"Kila kitu, Del," akasema. "Usinifupishie. Akikohoa, niandikie kakohoa."

Nikapiga kwa simu yangu, nikafungua spika, nikavaa vipokea sauti kwa mazoea tu. Clem alikuwa amepanda ngazi zangu. Alisimama nje ya mlango wa wavu, kofia mkononi, hakuomba kuingia na sikumkaribisha.

Simu iliita muda mrefu. Ikapokelewa.

"Haloo?" Sauti ya mwanamke mchovu.

Una alisoma "haloo" kwenye kompyuta, akaisogelea simu kwa nguvu, akapaza sauti yake ile isiyo na kipimo. "Corinne! Ni mama yako!"

Kimya. Nikaandika: kimya. Kisha upande wa pili Corinne akavuta pumzi, akasema, na nikarudia neno kwa neno, sauti bapa kadiri nilivyoweza, na haikuwa bapa.

"Mama alama ya kuuliza. Umeamka alama ya kuuliza."

Una akasoma. Mikono yake ilikamata ukingo wa meza.

"Nimeamka, mwanangu," akasema. "Niambie yote."